Tandala wa Mwisho wa Msimu

Likizo iliyopita mjukuu wangu aliye kidato cha tatu aliniuliza swali, nami nikakosa jibu la haraka. Alikuwa amesikia kwamba mjomba wangu, yaani kaka yake marehemu mama yangu, alikuwa mwindaji hodari katika tambarare ya Kwakoa kwa miaka zaidi ya ishirini. Akasema, "Babu, kama aliwinda muda wote huo, mbona hakuacha hata pembe moja ukutani?"

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu mkuu, kwa hiyo nimezoea maswali ya watoto. Lakini swali hili liligusa jambo ambalo sijawahi kulisimulia kwa ukamilifu, hata kwa mke wangu. Nimeona afadhali niliandike hapa, nikianzia mbali kidogo, maana habari ya mjomba haieleweki mpaka mtu aielewe nchi yenyewe na sheria zilizopita juu yake.

Ndugu msomaji asiyeifahamu Kwakoa na apige picha hii. Milima ya Upare ya Kaskazini imesimama upande wa magharibi, yenye mvua, migomba na mifereji. Ukiteremka upande wa mashariki, mvua inabaki mlimani, nawe unaingia katika nyika ya migunga, mibuyu na miiba, inayoenea kuelekea Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana upande wa kaskazini-magharibi. Ng'ambo ya mpaka ni Tsavo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Upande wetu ni Mkomazi, iliyotangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951. Kwakoa iko hapo kando, na watu wake ni mchanganyiko wa Wapare walioteremka kutafuta mashamba, Wakamba, na wafugaji.

Katika nyika hiyo wako choroa, swala twiga, digidigi, pundamilia na nyati. Lakini mnyama aliyewasumbua wawindaji kuliko wote ni tandala mdogo. Simsemi tandala mkubwa, ambaye pembe yake hutengenezwa baragumu. Huyu ni mdogo wake: dume halizidi sana kilo 100, lina rangi ya kijivu, michirapo myeupe zaidi ya kumi inayoshuka ubavuni kama mistari ya daftari, na mabaka mawili meupe kooni. Dume ndilo lenye pembe, zilizojisokota mara mbili na zaidi. Wazungu wanao kulungu wao wa misituni, nao wameandika vitabu vingi juu ya namna ya kumpata anapokuwa mjanja mwishoni mwa msimu. Sisi tulikuwa na tandala huyu, na vitabu vyetu vilikuwa wazee.

Kabla ya Wajerumani, uwindaji katika nchi hizi ulikuwa na taratibu zake. Wapare kwa asili ni wakulima wa mlimani, watu wa ndiva na mifereji, na kwao nyika ilikuwa ghala la akiba. Mwaka ambao mahindi au ndizi zilishindwa, watu waliteremka kutafuta nyama. Walichimba mashimo katika njia za wanyama, walitandaza nyavu, walitega mitego ya kamba na kutumia mbwa. Chuma cha mikuki na mishale kilitoka Ugweno, kwa wafua chuma wa ukoo wa Washana, ambao sifa zao zilivuka milima. Wakamba, waliokuwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu katika karne ya 19, walikuja na upinde na mshale wa sumu, na wengine wakalowea huku huku. Mshale wa sumu haukupiga kelele, na mnyama aliyechomwa nao hakufika mbali.

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika kupitia kaskazini-mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 ulikuwa umekwisha enea katika nchi zetu. Ng'ombe walikufa kwa wingi usiosemeka. Watu wengi hawajui kwamba sotoka haikuwaua ng'ombe peke yao. Nyati walikufa, pofu walikufa, na tandala walikuwa miongoni mwa waliodhoofika haraka kabisa. Malisho yaliyokosa mifugo yakageuka vichaka, na katika vichaka wakaingia mbung'o. Kwa hiyo sehemu ya lile pori ambalo Wazungu walilikuta na kuliona kama pori la tangu kuumbwa kwa dunia, lilikuwa limeota juzi tu, juu ya nchi iliyofiwa.

Sheria zilifuata punde. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, ikadai leseni za kulipia na kutenga maeneo ya kwanza yaliyofungwa. Mwaka 1900 wawakilishi wa dola za Ulaya wenye makoloni walikutana London wakaandika mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mkataba huo haukutiwa nguvu, kwa sababu si wote waliouthibitisha, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za kila koloni. Ndani yake nyavu na mashimo yalihesabiwa kuwa mambo ya kuzuiwa. Bunduki iliyolipiwa leseni ndiyo iliyohesabiwa kuwa uwindaji wa heshima. Hivyo basi mtu aliyewinda kwa njia ya babu yake aliamka siku moja akakuta jina lake limebadilika: jana mwindaji, leo jangili.

Waingereza walipoichukua Tanganyika waliweka sheria yao mwaka 1921, na nyingine mwaka 1951, mwaka ule ule ilipotangazwa Mkomazi. Mjomba wangu wakati huo alikuwa mtu mzima. Alikuwa amekwenda Burma na askari wa K.A.R. katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi na kikohozi, shuka moja la jeshi, na ujuzi wa kulenga shabaha. Baadaye alifanikiwa kupata bunduki moja kuukuu, ya risasi moja moja, akawa akikata leseni kila mwaka alipopata fedha. Mpaka ulipochorwa, sehemu kubwa ya pori alilolijua ikawa upande wa pili. Hakuna aliyemwuliza neno. Mpaka huo aliulalamikia maisha yake yote, na malalamiko yenyewe nayajua kwa moyo, maana nilikua nikiyasikia.

Mimi nilizaliwa mwaka 1950. Nikiwa na umri wa miaka kumi hivi nilianza kumfuata porini wakati wa likizo, nikibeba kibuyu cha maji. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Baadaye, nilipokuwa chuo cha ualimu na kufundishwa namna ya kuandaa somo kwa hatua, nilikaa usiku mmoja nikayaandika yale niliyoyaona kwake kana kwamba ni andalio la somo. Kichwa cha somo kilikuwa hiki: namna ya kumpata tandala dume mwishoni mwa msimu. Daftari lile lilikwisha liwa na mchwa, lakini somo ninalo.

Kwanza nieleze kwa nini mwisho wa msimu ni kazi ngumu. Wawindaji wa kwetu walifanya kazi yao zaidi wakati wa kiangazi, miezi ya Julai hadi Oktoba. Majani yamepukutika, mtu anaona mbali, na wanyama wengi hawana budi kuyafuata maji machache yaliyobaki. Mvua za vuli zikinyesha, mambo hugeuka kwa wiki moja. Migunga inachipua, kichaka kinafunga, madimbwi yanajaa kila mahali, na pundamilia wanatawanyika. Leseni ya mjomba iliishia mwisho wa Desemba. Kwa hiyo mwindaji wa Desemba ana siku chache na vichaka vingi.

Jambo la kwanza la mjomba lilikuwa kuachana na maji. Wengi walikesha kandoni mwa madimbwi wakidhani kila mnyama hana budi kunywa. Tandala mdogo anaweza kukaa muda mrefu bila kugusa maji. Unyevu wa majani humtosha, na wakati wa ukame hula hata mimea yenye utomvu kama mkonge mwitu. Mtu akimsubiri tandala majini atapigwa na mbu bure.

Jambo la pili lilikuwa kujua kwamba tandala hakuhama. Wenzake wanapofuata mvua, yeye hubaki katika eneo lake, ambalo huwa dogo, kilometa mbili za mraba au karibu na hapo. Majike hutembea mawili matatu pamoja na watoto wao. Dume likikomaa hukaa peke yake. Mjomba alizoea kusema, "Hakuondoka. Amefunga mlango tu." Kwa hiyo alichagua dume moja na kichaka kimoja, akakaa nalo siku tatu, badala ya kuzunguka vichaka vitatu kwa siku moja.

Jambo la tatu lilikuwa kuisubiri mvua ya usiku. Mvua ya usiku hufuta ardhi kama mwalimu afutavyo ubao. Asubuhi yake kila unyayo uonekanao umeandikwa leo. Unyayo mwembamba wenye ncha, wa mnyama mmoja peke yake, kingo zake zikiwa bado hazijabomoka, huo ndio wake.

La nne ni upepo. Mjomba alibeba majivu katika kifuko cha kitambaa, akakitikisa kidogo kila baada ya hatua kadhaa na kutazama vumbi lake linakoelekea. Wakati wa kiangazi upepo wa kwetu una tabia moja, lakini siku za vuli, mawingu yanapojikusanya, huzunguka kama mlevi. Majivu yakienda huku na huku, mjomba alirudi nyumbani bila kusikitika, hata kama unyayo ulikuwa mbichi.

La tano ni macho. Usimtafute tandala mzima, kwa maana hutamwona. Mchana hujificha ndani ya kichaka, husimama kimya kabisa, na ile michirapo yake huchanganyika na kivuli cha vijiti. Tafuta sikio linalotikisika, au baka jeupe la koo, au mguu mmoja ambao si mti. Na uwe umekwisha kaa mahali pako, ukingoni mwa kichaka, kabla ya saa yake kufika, yaani alfajiri au jua linapozama, atokapo kula. Ukimshtua, atabweka mara moja kama mbwa, ataruka vichaka huku mkia umesimama na weupe wake ukimeremeta, na kazi ya siku tatu imekwisha.

La sita ndilo mjomba alilolirudia kuliko yote. "Risasi isiyoona bega ni deni." Maana yake, kama huoni bega la mnyama waziwazi, usipige. Ukipiga, mnyama akaenda na risasi yako, unakuwa na deni, na deni hilo hufuatwa mpaka lilipwe, hata ikichukua siku mbili.

Sasa nije kwenye Desemba ya mwaka 1972.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kupangiwa shule yangu ya kwanza, mbali na kwetu. Nilirudi likizo nikiwa na viatu vipya na maneno mengi. Tena nilikuwa nimechumbia, na wakwe zangu watarajiwa walikuwa waje kwetu sikukuu ya mwaka mpya. Katika majivuno ya ujana nilimwambia mama yangu, na nadhani niliwaambia na wengine, kwamba wageni watakula tandala. Nilikuwa nimetoa ahadi juu ya bunduki ya mtu mwingine.

Nilimwendea mjomba. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwalimu," akanijibu. Tangu nilipofaulu chuo aliacha kuniita mpwa, aliniita mwalimu, nusu kwa utani na nusu kwa fahari. Nikamweleza haja yangu. Akaitoa leseni yake katika kopo la majani ya chai alimokuwa akiihifadhi, akanipa niisome, maana yeye kusoma kulimpa taabu. Tandala mdogo mmoja, dume. Nafasi hiyo ilikuwa haijatumika. Zilibaki siku tisa.

Siku ya kwanza na ya pili tuliupata unyayo lakini upepo ulituzungukia, tukarudi. Siku ya tatu mvua ilinyesha mchana kutwa. Siku ya nne tulikikuta kichaka chenyewe, si mbali na mkuza wa mpaka wa hifadhi, mwendo wa saa nyingi kwa miguu kutoka nyumbani. Tulilala porini. Alfajiri ya siku ya tano tuliliona dume lile mara ya kwanza, baka la koo tu, likapotea. Mjomba alitabasamu. "Atatoka jioni," akasema, "na kama si leo, basi kesho." Alikuwa na subira ya mtu ambaye hajamwahidi mtu kitu.

Jioni ile tulikaa chini ya mgunga kuanzia saa tisa. Jua lilipokaribia mlima, dume likatoka. Lilisimama kama hatua 80 kutoka kwetu, kichwa na shingo waziwazi, lakini mbele ya bega pakawa na tawi lenye majani machanga. Mjomba aliweka bunduki begani akangoja. Tandala akala jani moja, akasimama. Akala jingine. Mjomba bado alingoja. Mimi nilitazama jua, nikahesabu siku, nikawaona wakwe zangu mbele ya sahani ya maharage. Nikainama sikioni pake nikanong'ona: "Piga, mjomba. Jua linazama."

Miaka zaidi ya ishirini alikuwa hajampigia risasi mnyama asiyeliona bega lake. Lakini nilikuwa mwalimu, tena mtoto wa dada yake, naye alinipenda. Akapiga.

Tandala aliruka, akaanguka kwa magoti, akainuka, akakimbia akiburuta mguu wa nyuma. Tulifuata damu mbio mbio katika mwanga uliobaki. Damu ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkuza, ikavuka, ikaingia kichakani upande wa pili.

Mjomba akasimama. Nilikuwa nimekwisha kanyaga katikati ya mkuza nilipogundua kwamba niko peke yangu. Nikamwambia, "Twende, mjomba, hayuko mbali." Akasema, "Leseni yangu inaishia hapa." Nikamwambia lile neno ambalo mpaka leo, ninapolikumbuka usiku, huona haya gizani. Nilimwambia, "Hakuna anayetuona."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema bila hasira, "Wewe unaniona, mwalimu."

Tuliwasha moto upande wetu wa mkuza. Hatukulala. Wakati fulani wa usiku tulisikia fisi, na mjomba akainamisha kichwa. Ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimemweka mahali pabaya kuliko alivyowahi kuwekwa. Kanuni yake mwenyewe ilimwambia afuate deni lake mpaka mwisho, asimwache mnyama aumie usiku. Sheria ya nchi, ile ambayo hakuulizwa, ilimwambia asivuke. Hakuweza kuzitii zote mbili. Na kama mimi ningenyamaza pumzi kumi tu, zote mbili zingekuwa salama.

Kabla ya mapambazuko tuliondoka, tukaenda kwenye kituo cha Bwana Nyama, tukafika jua likiwa limepanda. Mjomba aliweka bunduki chini, akatoa leseni, akasema, "Nimejeruhi tandala, amevuka. Naomba twende tukammalize." Askari aliyekuwapo alikuwa kijana, alitutendea kwa heshima, akachukua bunduki yake tukarudi naye. Hatukuwa na haja ya kufuata damu, kwa sababu tumbusi walikuwa wanatuonyesha. Tulikuta mifupa, ngozi iliyochanika, na kichwa chenye pembe zake. Askari alichukua kichwa, kwa kuwa kimepatikana ndani ya hifadhi na ni mali ya Serikali. Kisha akaandika katika leseni kwamba nafasi ya tandala imetumika. Mjomba alimshukuru. Njia nzima ya kurudi hakunilaumu hata kwa neno moja, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa.

Wageni walikuja, wakala maharage na jogoo, wakafurahi. Mke ninaye mpaka leo.

Mwaka uliofuata, 1973, Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote, kwa sababu wanyama walikuwa wakimalizwa na usimamizi ulikuwa umelegea. Mwaka 1974 ikatungwa sheria mpya ya kuhifadhi wanyamapori, na uwindaji wa kitalii ulipofunguliwa tena mwaka 1978 ulikuwa biashara ya watu wenye fedha nyingi kutoka ng'ambo. Mjomba hakukata leseni tena. Bunduki aliisalimisha polisi. Kumbe ile jioni ya chini ya mgunga ilikuwa mwisho wa msimu kwa maana mbili, na sisi tuliokuwapo hatukujua ila maana moja.

Mambo mengine yamepita tangu hapo. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya Mkomazi waliondolewa, jambo lililozaa kesi na uchungu wa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1990 sotoka ilizuka tena upande wa Kenya, na zaidi ya nusu ya tandala wadogo wa Tsavo wakafa. Mwaka 1997 ikagunduliwa kaskazini mwa Tanzania, ikazimwa kwa chanjo. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani kote. Mkomazi yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Tandala bado wapo. Wageni huja kuwatazama kwa magari, na wengi huondoka bila kuwaona, maana tandala hajabadili tabia.

Nimefikiri sana juu ya sheria hizo zote, kuanzia ile ya Wissmann mpaka hizi zetu. Sitasema kwamba zilikuwa mbaya tupu. Bila mipaka, sidhani kama mjukuu wangu angebaki na tandala wa kumwulizia. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitamka katika Azimio la Arusha juu ya wanyamapori, si lile la mwaka 1967, kwamba kuwahifadhi ni dhamana yetu sisi wenyewe. Nami naliamini hilo. Lakini sheria hizo zilikuwa na upungufu mmoja. Zilihesabu siku, ada, idadi ya vichwa na aina ya silaha, na hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi. Hazikuwa na mahali pa kuandika bega lililofichwa na tawi. Jambo hilo lilikaa ndani ya watu kama mjomba, na watu hao sheria iliwatazama kama wahalifu wa kesho. Walipokufa, walikwenda nalo.

Tena nimejiuliza kwa nini alisimama pale kwenye mkuza, yeye aliyeulalamikia mpaka ule maisha yake yote. Zamani nilidhani ni woga wa jela. Sasa nadhani ni kwa sababu alikuwa ametia dole gumba chini ya ile karatasi. Hakupenda mpaka, lakini alikuwa amekubali leseni, na kukubali kwake kulikuwa kitu kizima, hakukugawanyika usiku ulipoingia. Mimi nilikuwa na cheti cha kufundisha uraia. Yeye aliyekuwa hajui kusoma vizuri ndiye aliyenifundisha uraia.

Katika miaka yangu ya ualimu, mara nyingi niliketi mezani na kalamu mkononi, mtoto amesimama mbele yangu, mwalimu mwenzangu akisema, "Mfukuze, mwalimu mkuu, muhula unakwisha." Nilikuwa nikiitazama kalamu ile na kujiuliza kama nimeliona bega. Mara nyingine niliandika upesi, nikajuta. Lakini mara nyingi zaidi niliiweka kalamu chini nikangoja hadi kesho yake, na mtoto akapona. Hao ambao wamepona hawajui kwamba wana deni kwa tandala mmoja.

Basi nilimjibu mjukuu wangu hivi. Nilimwambia mzee wetu hakuwinda kwa ajili ya ukuta. Aliwinda kwa ajili ya sufuria. Pembe alizopata nyingine aliuza, nyingine aligawa. Pembe za mwisho zilibaki ng'ambo ya mkuza, mikononi mwa Serikali, na kosa la kubaki kwake huko ni langu mimi babu yako, wala si lake.

Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tandala yule angetoka nyuma ya tawi iwapo tungengoja.

Nikamwambia alikuwa anakula kuelekea upande wetu.